Bomba la Wavivu

Miaka yote Emrys Prosser alisafisha madirisha ya mji wa Merthyr, Wales, kwa burashi ya mpini mrefu yenye nozeli mbili nyembamba tu za kurushia maji. Unasugua kioo, unaitenga burashi nacho, unasuuza kwa mbali, basi. Siku hizi kuitenga ndiko kulikomshinda. Burashi ikiwa ghorofa ya tatu, uzito wa mpini wote humwangukia mkono wa kulia, na mkono huo ulikuwa umeanza kumsaliti. Vidole vilicheza vyenyewe. Baba yake alianza hivyo hivyo, akaishia kulishwa kwa kijiko, akafa na akili zake timamu ndani ya mwili uliokwisha kazi. Emrys hakumwambia mtu, hata mkewe Delyth, aliyefanya naye kazi. Aliogopa, na alijionea haya kwa kuogopa.

Baridi ilipozipasua nozeli, yeye na Delyth walikwenda dukani kwa Idwal, aliyewauzia vifaa.

"Nikupe zilezile, au unataka hili bomba la wavivu?" Idwal aliinua kijibomba chenye vitundu, kinachofungwa juu ya burashi ili mtu asuuze bila kuiondoa kwenye kioo.

"Zilezile. Hilo kawauzie watu wa jiji la Cardiff."

"Tupe bomba," Delyth alisema. "Sisi tunasuuza burashi ikiwa kwenye kioo."

Idwal akacheka. "Tangu lini? Mumeo huyu si ndiye anayewatukana watu wa hivyo, tena hapa hapa?"

"Tangu Pasaka."

Emrys akakumbuka. Pasaka ndipo alipoangusha buli la chai kwa mama mkwe wake, akasingizia kwamba lilikuwa na mafuta. Baada ya hapo Delyth alianza kung'ang'ania madirisha ya juu, eti anapunguza tumbo. Emrys alimcheka. Kila siku alimtania kwa tumbo hilo, naye Delyth akivumilia huku akiinua mpini. Kwa dakika nzima Emrys alimchukia mkewe kwa kuijua siri yake, kisha chuki ikamwisha, hofu ikabaki peke yake.

"Haya, shauri yenu," Idwal alisema. Alimwaga skrubu mezani, ndogo kama punje za mchele. "Kifunge hapa hapa nione kama kinakaa sawa. Bisibisi hii, mzee mzima."

Alimnyooshea Emrys. Emrys akautoa mkono mfukoni. Vidole vilikuwa vinacheza, na Idwal, aliyemuuguza baba yake Emrys kwa zamu pamoja na majirani wengine, aliviona.

Delyth alikuwa akiziangalia skrubu, akisubiri, na Emrys akaelewa kwamba angeweza kusubiri hivyo hadi duka lifungwe, ilmradi mumewe aseme mwenyewe kwamba mkono umemshinda.

Akaurudisha mkono mfukoni.

"Mpe Delyth," alisema.