Saba Kitambaani

Jumamosi ile viti vya gereji havikutosha. Watu walikaa juu ya matairi, juu ya ndoo zilizopinduliwa, juu ya bampa ya gari la mteja ambaye kwa bahati yake hakuwepo. Fundi cherehani wa mlango wa pili, waliyemwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumzima, alikuja na kiti chake mwenyewe na shati la mtu lisilotiwa mikono, ili asije akaambiwa ameacha kazi yake kuangalia ya wenzake.

"Nimefuata kivuli tu," alisema akiketi mstari wa mbele.

Jua halikuwa limetoka tangu Jumatatu.

Ukweli kila mtu aliujua. Mzee mwenye gereji alikuwa anataka kuikabidhi. Macho yake yalishaingia ukungu, na huu ulikuwa mwaka wa pili anafanya kazi kwa kupapasa. Pale vidole vyake viliposhindwa, alitumia vya binti yake. Binti huyo alikuwa na miaka thelathini na minane, kumi na minane ya hiyo ameilala chini ya magari. Mtaa mzima ulimwita Dada, hata wateja wenye mvi. Basi mtu angedhani hakuna cha kugombea hapo. Mtu huyo angekuwa hamjui mzee.

"Nina watoto wawili," mzee aliwaambia waliokusanyika, ameegemea pikapu yake. "Mmoja ni mwanamume. Mwingine yupo."

Watu wakacheka. Dada naye akacheka, maana asipocheka ndiyo wanacheka zaidi.

Huyo mwanamume alikuwa mdogo wake, ambaye mzee alimpachika jina la Bosi siku aliyozaliwa na halikubanduka. Bosi alikuwa muuzaji kwenye duka la vipuri. Alijua kila kifaa kinakaa rafu gani na kwenye boksi la rangi gani. Kikishatoka kwenye boksi, hakukijua tena. Lakini alikuwa mpole, anacheka upesi, na mikono yake ilikuwa safi kama ya mtu anayekwenda kupima damu.

Mtihani ulikuwa mmoja. Pikapu ile ilikuwa kongwe kuliko Dada, boneti yake mviringo kama paji la uso, na mzee aliipenda kwa namna ambayo watoto wake waliisikia tu. Bomba la moshi, pale linapokutana na injini, lilishikwa na bolti kumi zilizokaangwa na joto na kutu miaka nenda rudi. Atakayezifungua zote kumi bila kuharibu vichwa vyake, funguo za gereji ni zake. Bosi ataanza. Akishindwa, ataingia Dada.

"Na akiweza?" Dada alikuwa ameuliza siku mzee alipotangaza.

"Akiweza utamshikia tochi."

Tena kazi ingefanywa kwa sheria ya gereji ile, ambayo mafundi wa mitaa mingine waliicheka na kuiogopa: saba kitambaani. Kabla ya kugusa gari, fundi husimama mbele ya meza ya vifaa, huchagua saba, huvifunga kwenye kitambaa, basi. Vilivyobaki mezani ni haramu mpaka kazi iishe. Ukirudi mezani, umeshindwa. Mzee alisema fundi huchagua kwa kichwa, na anayerudi mezani amekuja na mikono peke yake.

Sasa asubuhi ile, kabla watu hawajafika, mzee alipokwenda kuoga, Bosi alimfuata Dada stoo. Alimkuta anapanga meza. Upande mmoja spana za zamani za mzee, nyeusi, nzito, za vipimo vya inchi kama gari lenyewe. Upande wa pili spana mpya za milimita, za magari ya siku hizi, zinang'aa mpaka unaweza kunyolea.

"Dada, nichagulie."

"Baba kasema kila mtu achague mwenyewe."

"Baba haoni." Alicheka, kisha akaona haya. "Dada, wewe unajua mimi sijui. Nitaaibika mbele ya Redio. Unataka Redio anitangaze?" Akanyoosha mkono, akaokota spana moja nyeusi, akaigeuzageuza. "Hizi za baba ndizo, sio?"

Ndizo. Ile aliyoishika, tisa juu ya kumi na sita ya inchi, ndiyo hasa. Kaiokota kama kuku anavyookota punje gizani. Dada akaiangalia ile spana mkononi mwa mdogo wake, na pengine angenyamaza tu, mambo yaende yanavyokwenda. Ila Bosi alikuwa hajamaliza.

"Nikipata mimi, usiwe na wasiwasi, hutoki hapa. Nani mwingine atanifanyia kazi?"

Alisema kwa wema. Hilo ndilo lililomkata maini.

"Hizo zimeliwa midomo," Dada alisema, akaichukua ile nyeusi taratibu na kuirudisha mezani. "Za makumbusho hizo. Chukua hii kumi na tano, mpya, inakaa kwenye bolti kama pete."

Haikukaa kama pete. Ilikaa kama kiatu cha kuazima: mguu unaingia, lakini kimbia uone. Milimita kumi na tano ni kubwa kidogo tu kuliko kichwa cha bolti ile, na kidogo hicho, kwenye chuma chenye kutu, kinatosha kuilamba pembe zote sita mpaka iwe mviringo, isishikike tena na mtu. Dada akaongeza kumi na nne na kumi na sita, bisibisi, koleo, nyundo ndogo, na brashi ya waya. Hakuna cha inchi hata kimoja. Akavilaza kitambaani kwa haraka, mikono ikienda yenyewe, akafunga fundo.

"Mungu akuweke, dada," Bosi alisema.

"Twende, watu wanakuja."

Bosi alianza vizuri. Alisugua kutu kwa brashi, akapuliza, akajikohoza kifundi. Redio akapiga makofi mawili. Kisha Bosi akavalisha kumi na tano kwenye bolti ya kwanza na kuvuta.

Spana iliteleza. Vifundo vya vidole vyake vikagonga chuma, ngozi ikabaki huko.

"Pole, Bosi!" akaita Redio. "Kwani bolti imekukosea nini?"

Akavalisha tena, akavuta kwa uzito wote. Mlio ukasikika, ule mlio mkavu ambao fundi yeyote akiusikia meno humuuma. Akahamia ya pili. Mlio uleule. Kicheko kikaanza nyuma kwenye matairi kikasogea mbele. Jamaa mmoja akashauri amwombe Redio sindano. Bosi akatazama meza, akatazama spana nyeusi pale zilipolala, halafu akageuka akamtazama Dada. Damu ilikuwa inamtiririka mpaka kwenye saa. Akaelewa. Dada aliliona jambo lile likimwingia usoni pole pole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, akangoja apige kelele. Alikuwa na jibu tayari: muongo, ameshindwa anatafuta wa kumbebesha.

 Bosi aliiweka spana chini akajifunga kidole kwa ncha ya shati.

Mzee alijisogeza, akapitisha kidole kwenye vichwa vya zile bolti mbili. Uso ukamkunjamana kama aliyepapasa jeraha la mtoto.

"Milimita," alisema. "Kwenye gari langu. Nani kachagua hivi?"

"Mimi, baba," Bosi alisema.

"Wewe?" Mzee akachuchumaa penye kitambaa, ambapo vilibaki vile Bosi asivyovigusa. Akavipapasa kimoja kimoja. Kichwa huku, mkia kule. Kichwa huku, mkia kule, ili chuma kisigongane na chuma. Akatabasamu, na waliomjua wakaacha kucheka. "Wewe hata vijiko unavirundika. Yuko mtu mmoja hapa niliyempiga vidole kwa kipande cha bomba mpaka akajua kulaza spana hivi. Yuko wapi?"

"Nipo," Dada alisema.

"Najua upo. Mdogo wako kashindwa. Zamu yako, kwa nane zilizobaki."

Dada akafuta mikono kwenye ovaroli, akaenda mezani. Alishafika, mkono umeshagusa ile tisa juu ya kumi na sita, ya baridi, aliposikia sauti nyuma yake.

"Unakwenda wapi? Wewe umeshachagua."

Alikuwa baba yake.

"Saba zako hizi hapa," mzee akaendelea, sauti laini kabisa. "Rudi. Au geuka uwaambie hawa watu, 'Nilimdanganya mdogo wangu.' Maneno matatu tu. Ukiyasema, meza yote yako na funguo zako. Sema, mama."

Hakuwahi kumwita mama. Dada aligeuka. Redio alikuwa amesogea mpaka ukingo wa kiti, shati limemwanguka hajui. Maneno matatu, na gereji ni yake. Alifungua kinywa. Kisha akamwona baba yake alivyoinua sikio, alivyolitega, midomo imelowa, kama mtu anayesubiri kupakuliwa. Na nyuma yake Bosi ameinamisha kichwa, ameshakubali kuwa mjinga mbele ya mtaa mzima ili yeye asiitwe mwovu. Akiyasema, atakuwa amejivua nguo yeye na kumvua mdogo wake, na mzee ataramba vidole.

Akafumba kinywa. Akarudi, akapiga magoti, akaokota kumi na tano.

Alijua kazi, hilo hata adui hakukataa. Aliisukuma spana kwa dole gumba ili ibane upande mmoja wa bolti, akaipigapiga kwa nyundo, akavuta kidogo kidogo huku anashusha pumzi. Bolti ya tatu ikasogea. Robo mzunguko! Mtu akanong'ona, "Anaweza huyu." Kisha mlio.

Mzee akapeleka kidole, akapapasa. "Imekufa. Inayofuata."

Ya nne ikafa bila kusogea. Ya tano alijaribu kuibana kwa koleo, koleo likamega pembe kama biskuti.

"Imekufa. Inayofuata."

"Mzee," Redio alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha kwenye sauti yake, "si gari lako hilo linaharibika?"

"Nalijua la nani. Inayofuata."

Ya sita. Watu wa kwenye matairi walianza kuondoka, mmoja mmoja, kwa adabu ya watu wanaotoka msibani. Aliyekalia bampa akakumbuka safari. Hata Redio, ambaye hajawahi kuacha ugomvi njiani, aliokota shati lake, akalikung'uta, akasema kuna pasi ameiacha juu ya moto. Kiti alikisahau.

Ya saba. Kumi na tano ilikuwa na damu sasa, ya Dada na ya Bosi, haijulikani ipi ni ipi.

"Imekufa," mzee alisema. Kidole chake kilibaki pale pale juu ya kichwa cha bolti, kinazunguka, kinazunguka, kikitafuta pembe. "Sema tu, mwanangu. Meza iko palepale."

"Baba, mwambie aache!" Bosi alilia. Alikuwa analia kweli, mwanamume mzima. "Basi mimi nitasema. Alinidanganya. Nimesema, imekwisha. Mwache."

"Sikukuuliza wewe. Mdomo anao."

Wote wawili wakamgeukia. Dada alijipangusa jasho kwa kiwiko, akahamisha magoti upande wa pili wa injini, akavalisha spana.

"Bado tatu," alisema.