Piza ya Kintinku

Wageni walikuwa wanakuja kukabidhi kisima. Hivyo ndivyo Padre Antipasi alivyotangaza kanisani, na hivyo ndivyo alivyoelewa Yasinta, ambaye alikuwa amepika katika nyumba ya wageni ya parokia, pale Kintinku, kwa miaka kumi na tisa. Kisima chenyewe kilikuwa kimeshachimbwa tangu Oktoba. Pampu ilikuwa inasukuma maji, ng'ombe walikuwa wameshayazoea, na watoto walikuwa wameshavunja koki moja. Kilichobaki ni utepe. Kwa kazi hiyo nzito walitumwa wazee wawili kutoka Marekani, wakapewa siku tisa, maana huwezi kujua, utepe unaweza kuwa mgumu. Kwamba huko kwao Januari ni mwezi wa theluji, bila shaka hilo halikuhusika.

Wazee wenyewe walikuwa mtu na shemeji yake. Dominic alikuwa mrefu, mwembamba, anayetembea kama mtu anayepima kiwanja. Carmine alikuwa mfupi, mwenye tumbo la heshima, na ndiye aliyemwoa dada yake Dominic. Ni Wamarekani, Padre alieleza, lakini watu wa asili ya Italia. Babu zao walitoka huko kwa meli, wakafikia mji mmoja mdogo wa New Jersey, wakajaza mitaa mitatu. Hawa wawili walizaliwa hukohuko Marekani, Italia wameitembelea mara moja kwa wiki mbili, lakini ukiwauliza wao ni nani, wanakujibu kwamba ni Waitaliano. Yasinta hakuona ajabu. Pale Kintinku palikuwa na watu ambao baba zao waliletwa na kazi ya reli, wakazaliwa hapo, wakazeekea hapo, na mpaka leo ukiwauliza wanakwambia wao ni wa Tabora.

Siku ya kwanza aliwapikia kuku wa kienyeji, wali wa mpunga wa hapohapo, na mchicha. Walikula mpaka mifupa ikabaki mitupu. Walimshukuru kwa mikono yote miwili. Kisha Carmine akafuta mdomo, akavuta pumzi kama mtu anayekumbuka marehemu, na akasema neno moja ambalo Yasinta alilielewa bila kutafsiriwa.

"Mama Jenipher," Padre akamwambia Yasinta, "piza unaiweza?"

"Padre, piza nimeiona kwenye simu."

"Basi unaiweza."

Kesho yake asubuhi Carmine aliingia jikoni amekunja mikono ya shati, Padre akiwa nyuma yake kama mkalimani. Piza, alisema, ni ya pembe nne. Unga uumuke mpaka uwe mnene kama godoro, uwekwe kwenye trei iliyopakwa mafuta, jibini ifike mpaka ukingoni ili iungue kidogo na kushika chuma. Hivyo ndivyo wanavyofanya kwa Angelina, kwenye kona ya mtaa wao, ambako yeye amekula kila Ijumaa tangu akiwa na miaka sita. Alipotaja Angelina macho yake yalilowa. Yasinta alidhani ni mama yake mzazi.

Dominic alikuwa barazani anasoma. Kitabu kikafungwa kwa kishindo.

"Anasema huo ni mkate," Padre alitafsiri, baada ya Dominic kusimama mlangoni na kuzungumza kwa muda mrefu zaidi ya hapo.

"Kasema hilo tu?"

"Mengine hayafai jikoni."

Piza, kwa mujibu wa Dominic, ni ya duara. Ni nyembamba mpaka ukiinyanyua inalia kama jani kavu. Jibini inakaa chini na nyanya juu, siyo kinyume chake, maana kinyume chake ni ushenzi. Hivyo ndivyo wanavyofanya kwa Rocco, ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na kwa Angelina. Rocco hufungua siku tatu tu kwa juma, na unga ukimwishia hufunga mlango hata kama foleni imefika kanisani. Yasinta alilitafakari hilo. Mfanyabiashara anawafukuza wateja waliokwisha kupanga foleni, na watu wanamsifu hadi Singida.

"Waulize," alimwambia Padre, "wameanza lini kugombana?"

Padre aliuliza. Ilikuwa ni kwenye harusi ya Carmine, miaka arobaini na moja iliyopita. Chakula cha mwisho kilikuwa piza kutoka kwa Angelina, na kaka wa bibi harusi akaondoka kabla keki haijakatwa. Tangu hapo wamezikiana ndugu, wamebatiziana watoto, wamekopeshana magari, na hawajawahi kula piza meza moja.

"Watu wazima," Yasinta alisema. "Kwa ajili ya mkate."

Oveni ya gesi ilijaribiwa na wote wawili na wote wawili wakaidharau. Hilo tu ndilo walilokubaliana, na hata hilo kila mmoja kwa sababu yake. Likahitajika tanuri. Peniel, mume wa Yasinta, ambaye ndiye aliyekuwa akiangalia pampu ya kisima, alikuwa na matofali ya kuchoma aliyoyaweka kwa ajili ya jiko jipya la mama yake, Bibi Rahabu. Padre aliyaomba kwa siku chache. Bibi Rahabu alikubali kwa ajili ya Kanisa, na akamtazama mkwe wake kwa namna iliyoonyesha kwamba Kanisa halina kosa, mwenye kosa anajulikana. Walichota udongo wa kichuguu, wakaukanda kwa maji ya kisima kile kile ambacho hakijakabidhiwa, na kwa siku tatu wazee wawili waliotoka ng'ambo ya bahari kuwasaidia wanakijiji walisimama juani wakibishana kama mlango wa tanuri utazame mashariki au magharibi. Ulitazama kaskazini, kwa sababu Yasinta ndiye aliyekuwa na mwiko mkononi.

Jumapili ilifika. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Marko, alitoa hotuba. Utepe ulikatwa, na ukakatika mara moja bila upinzani. Makofi yalipigwa, maji yakafunguliwa, kwaya ikaimba, na shughuli iliyowaleta wageni kutoka bara jingine ikawa imekwisha kabla jua halijafika utosini. Kisha wote wakahamia kwenye tanuri.

Yasinta alikuwa ameamka mapema. Alioka za pembe nne, akaoka za duara, na kwa kuwa aliwafahamu watu wake, alisonga pia ugali na kupika chungu kikubwa cha mlenda, ile mboga ya kuteleza ya majani na bamia, kwa tahadhari. Kila mzee alisimama nyuma ya trei zake kama mtu anayegombea udiwani. Padre akatangaza kwamba wananchi wataonja zote mbili na waseme ukweli.

Wananchi walionja. Walitafuna taratibu, kwa adabu.

"Ipi nzuri?" Dominic aliuliza kupitia kwa Padre.

"Zote ni nzuri sana," alisema Mzee Marko. "Tunashukuru kwa kisima."

"Lakini ipi imezidi?"

"Kwa kweli," Mzee Marko alisema, akitazama juu kama mtu anayeutafuta ukweli wenyewe, "maji ni matamu mno."

Ndipo Bibi Rahabu alipoinuka kwenye kiti chake. Alikuwa na kipande cha duara mkono mmoja na cha pembe nne mkono wa pili, na vyote alikuwa ameving'ata mara moja tu.

"Mama Jenipher, mboga yake iko wapi?"

"Mama, mboga ndiyo hiyo iliyo juu."

"Hii?" Alikigeuza kile cha Dominic, kikalia kama jani kavu, sawasawa na ilivyoahidiwa. "Hii itapitaje kooni?"

Hakungoja jibu. Alikwenda kwenye chungu, akachota upawa mmoja wa mlenda, akaumimina juu ya kipande cha duara, akachota wa pili, akaumimina juu ya cha pembe nne. Mlenda ulitambaa ukavuka nyanya, ukafunika jibini, ukaning'inia ukingoni kwa uzi mrefu. Akauma. Akafumba macho. "Sasa," alisema.

Dakika moja haikupita, nyuma ya chungu palikuwa na foleni ambayo Rocco mwenyewe angeifungia mlango.

Carmine alikuwa ameshika kichwa. Dominic alikuwa amemshika Carmine. Kisha wakatoka nyuma ya meza zao kwa pamoja, wakamfuata Bibi Rahabu, wakaanza kumweleza, huyu akianza sentensi na yule akiimaliza, mikono minne ikipaa hewani, kwamba kuna mambo duniani yanavumilika na kuna mambo hayavumiliki. Padre aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Wanasema hiyo siyo piza," akafupisha.

"Waambie nimeshajua," alisema Bibi Rahabu, na akaendelea kula.

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu harusi, Dominic na Carmine walikaa benchi moja na kula piza kutoka sahani moja. Carmine alikiri kwamba ile ya Rocco, ukilinganisha na jambo walilolishuhudia mchana, ni chakula cha binadamu. Dominic alikula kipande kizima cha pembe nne na kukiita mkate mzuri. Yasinta aliwaona kutoka dirishani, akacheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa unga. Ukoo mzima umenuniana kwa ajili ya piza karibu nusu karne, na kilichowapatanisha ni bamia.

Alikuwa bado anacheka alipoingia Bibi Rahabu kurudisha upawa.

"Umefanya vizuri, mwanangu," mama mkwe alisema. "Kile chakula chao si kibaya. Mlenda ndio umekiharibu."

Yasinta akaacha kucheka. "Umekiharibuje, mama?"

"Ni mlenda wa kwenu."

Kwao Yasinta ni Mungaa, kule Ikungi. Mama yake alimfundisha kuupika mlenda mbichi, majani yakiwa bado na umande, pamoja na bamia na nyanya kidogo. Kwa Bibi Rahabu mlenda hukaushwa, hutwangwa, huchekechwa, na hupikwa kwa karanga. Kwa miaka yote ya ndoa yake Yasinta aliula huo wa kutwangwa nyumbani kwa mkwe akasema asante, na huo wake aliupikia parokiani.

"Si mbaya," Bibi Rahabu aliendelea kwa upole. "Kwa mgonjwa, au mtu asiye na meno."

"Mama," Yasinta alisema, na alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kabla hajaizuia, "nisamehe, lakini ule wa kutwanga ni vumbi lililolowa."

Peniel alikuwa mlangoni. Mama yake akamgeukia, mke wake akamgeukia, na wote wawili wakamuuliza kwa mkupuo: upi ni mlenda? Peniel alifikiri sana. Alisema ni lazima akaangalie pampu.

Wageni waliondoka Jumanne kwa gari la parokia, wamekumbatiana kiti cha nyuma. Nyumbani kwa Peniel mambo hayakuwa hivyo. Kwa majuma mawili Yasinta alimsalimia mama mkwe wake kila asubuhi shikamoo, akaitikiwa marahaba, na hapo maongezi yakaisha hadi kesho. Watoto walibeba ujumbe. Peniel aliipenda pampu ile kuliko mtu yeyote alivyowahi kupenda pampu.

"Kumbe yaliwapata kweli wale wazungu wako," alisema Scholastika, aliyekuwa akifua mashuka ya nyumba ya wageni. "Miaka arobaini wanagombania unga!"

"Arobaini na moja," Yasinta alisema. "Watu wazima. Hata aibu hawana."

"Na wewe na mkweo?"

Yasinta alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Sisi ni tofauti, Scholastika. Sisi tunazungumzia mlenda."

Tanuri halikubomolewa. Padre alisema litumike, na siku ya mnada Yasinta aliwasha moto na kuoka vipande vya pembe nne, kwa kuwa vinakatika vizuri, lakini vyembamba, kwa kuwa unga ni ghali. Angelina na Rocco wote wangelia. Juu yake alimimina mlenda wa Mungaa. Wachunga ng'ombe walinunua kwanza kwa kushangaa, kisha kwa njaa.

Saa nne Bibi Rahabu alifika. Alikuwa na chungu chake kichwani na kigoda mkononi. Alikaa upande wa pili wa tanuri, akafunua kifuniko, na harufu ya karanga ikatembea uwanja mzima. Tangu hapo mteja alipewa kipande na Yasinta, kisha ilimbidi achague aende kushoto au kulia, huku wanawake wawili wakimtazama bila kupepesa. Mzee Marko alikuja, akaona hali ilivyo, akala chake kikavu.

Mchana, Bibi Rahabu aliitwa kumsalimia ndugu yake aliyeshuka na mbuzi kutoka Manyoni. Aliacha chungu wazi. Yasinta alitazama kushoto, akatazama kulia, akachovya kidole kwenye ule mlenda wa kutwangwa, akaramba.

Ulikuwa umekolea. Chumvi yake, karanga zake, kila kitu. Huo aliokuwa akiula nyumbani miaka yote akishukuru bila kuonja, leo aliuonja.

Alifuta kidole kwenye kanga, akakifunika chungu ili nzi wasiingie, na mteja aliyefuata alipomuuliza upi ni mzuri, alimwambia aende kushoto, kwenye wa Mungaa.