Shahidi wa Kioo

Ofisini walimwita Bi Nyufa, naye hakuchukia. Mjiolojia wa manispaa anayekimbia nyufa ni sawa na daktari anayekimbia wagonjwa. Kazi yake ilikuwa kukagua ardhi kabla watu hawajapewa kibali cha kujenga, na faili lililokuwa mezani kwake siku hiyo lilikuwa nene kuliko yote: nyumba arobaini kwenye mteremko ulio juu ya mto. Mkuu wa idara alilitaka kabla ya saa kumi alasiri.

"Bi Nyufa, kampuni imesubiri masika nzima," alisema. "Usituwekee kauzibe."

"Shahidi akisema ndiyo, nasaini."

Shahidi huyo hakuwa mtu. Kilikuwa kipande cha kioo, urefu wa kiganja, alichokibandika kwa plasta kuvuka ufa ukutani. Kioo hakijui kujikunja. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kinapasuka. Alikuwa amepigilia na vigingi mteremkoni, lakini watu wakaving'oa, wakapikia. Ushahidi wote ukabaki kwenye nyumba moja tu iliyokuwapo kule juu, na nyumba yenyewe ilikuwa ya shangazi yake, aliyemlea tangu ana miaka saba.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, nimedeki sasa hivi. Mbona umekonda hivyo? Huko ofisini mnakula karatasi?"

Bi Nyufa akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa sebule. Kioo kilikuwa kizima, kinang'aa. Moyo ukamtulia. Njia nzima alikuwa akiomba akikute hivyo hivyo, maana kikiwa kizima shangazi anabaki kwake na mkuu anamwacha apumue. Akafungua faili, akatoa kalamu.

Ila tarehe aliyoiandika kwa wino mwekundu juu ya kioo haikuwapo.

"Shangazi, umekifuta?"

"Kila asubuhi. Kioo cha watu kipate vumbi kwangu, nitasemwaje?"

Jibu lilikuwa la shangazi kabisa, mtu ambaye hufuta hata balbu. Bi Nyufa akainamia fomu. Alipoinua kichwa kuangalia kalenda, akaziona picha zilizotundikwa kando yake. Picha ya harusi ya shangazi haikuwa na kioo. Ya marehemu mumewe nayo vivyo hivyo. Na ile ya mahafali ya Bi Nyufa mwenyewe, kofia imekaa upande, ilibaki fremu na karatasi tu.

"Shangazi, vioo vya picha viko wapi?"

Shangazi akaanza kunyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka.

"Usinikasirikie, mwanangu. Kile chako kilivunjika. Sijui mlango ulijibamiza, sijui nini. Nikaona haya. Utasema nimepewa kitu cha serikali nimeshindwa kukitunza. Nikachukua cha picha, fundi akanikatia, nikabandika."

"Kimoja?"

"Vitatu. Cha mwisho juzi. Na ufa nao nimeupaka plasta kidogo. Si wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta?"

Bi Nyufa alitaka kucheka, akashindwa. Akakaa kitini. Ilibaki sahihi moja tu, na familia arobaini zingehamia huku na watoto wao. Na huyu mama alikuwa amelala chini ya ukuta ule masika nzima, akiubadilishia kioo kwa adabu zake. Aliogopa, na alikasirika, na hakujua amkasirikie nani.

"Unakumbuka vilivunjika lini?"

Shangazi alikumbuka kila kitu. Cha kwanza, kile cha serikali, kilidumu mwezi mzima. Cha pili, siku kumi. Cha tatu, siku nne.

Siku zilikuwa zinapungua. Mteremko ulikuwa unazidisha mwendo.

Akaandika: *Ardhi inasogea. Kibali kisitolewe. Wakazi waliopo wahamishwe mara moja.* Chini ya fomu kulikuwa na nafasi mbili, ya mkaguzi na ya shahidi. Hiyo ya pili siku zote aliipiga mstari tu. Leo akaisogeza mbele ya shangazi.

"Weka sahihi hapa, kwamba uliyaona."

Shangazi akavaa miwani, akasoma polepole.

"Wakazi waliopo ni nani? Huku juu si niko peke yangu?"

"Ni wewe, shangazi."

"Nyumba hii marehemu aliijenga kwa mikono yake."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nambebea maji."

Shangazi akautazama ukuta. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, herufi moja moja. Alipomaliza akasimama, akaanza kushusha picha, akianza na ile ya mahafali.

"Hii utaitia kioo wewe mwenyewe," akasema. "Mimi nimeshachoka kuupa mlima vioo."