Sikio Langu Ndani ya Wingu

Kwetu Muhuru Bay mtoto anajua kukaa ndani ya mashua kabla hajajua kuandika jina lake. Mashua ikilalia kulia, unaegemea kushoto. Hakuna anayekufundisha, mwili wenyewe unajua, na mimi nilijivunia mwili huo mpaka asubuhi ya mtihani wangu wa urubani.

Tuliruka kutoka Migori kwenda Homa Bay, mimi na mtahini wangu, Kapteni Abdishakur, mtu asiyecheka ovyo. Sharti lake lilikuwa moja tu: akilazimika kushika usukani, nimefeli. Juu ya ziwa tukaingia kwenye wingu, pande zote zikawa nyeupe.

"Pinda kushoto, polepole."

Nikapinda. Baada ya muda sikuhisi tena kama tunapinda. Sababu niliijua: ndani kabisa ya sikio mna vijifereji vyenye majimaji, na kona ikirefuka majimaji hutulia, sikio likadhani ndege imenyooka.

"Haya, nyoosha."

Yawa! Kunyoosha tu, majimaji yakachafuka upya, sikio likanipigia kelele kwamba tunalalia kulia, tunapinduka! Mwili ukafanya mambo yake ya mashua. Nikaegemea kushoto, na mkono ukafuata. Kwenye kioo kidogo cha dashibodi, kile chenye mchoro wa mabawa unaoonyesha ndege imelalia upande gani, bawa la kushoto lilikuwa linashuka.

"Scovia!" Mkono wa kapteni ulikuwa umeshainuka.

"Wacha, Kapteni! Nimeona!"

Nikakodolea kile kioo macho, nikairudisha ndege sawa. Kila mshipa ulinikatalia. Niliogopa, wallahi niliogopa, lakini nilikaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Ghafla wingu likaisha. Ziwa lote linawaka jua, Homa Bay ile pale, na mabawa yangu yako sawa kabisa! Nikashangilia kama mwehu.

Tulipoanza kushuka masikio yakaziba. Kapteni akasema jambo, midomo naiona inacheza, neno silipati. Nikabana pua, nikapuliza kwa mdomo uliofungwa, masikio yakafunguka.

"Umesema nini, Kapteni?"

"Nimesema tua mwenyewe, rubani. Mimi mikono nimeikalia."