Walinzi wa Waya

Gari lilikuwa limeshaingia barabara kubwa, na Ghulamabbas hakujua kama taa aliyoipita ilikuwa ya kijani au nyekundu. Alijua tu kwamba hakuna aliyempigia honi. Mvua nyembamba ilikuwa inaanguka na kuganda palepale inapotua, juu ya lami, juu ya kioo, juu ya matawi yaliyoning'inia tangu dhoruba ya barafu ya kabla ya Krismasi. Yeye alifuata taa mbili nyekundu za gari la mbele, kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake sokoni. Likikata kona lile, atabaki na nini?

"Polepole, Bwana Abbas," alisema Mzee Manfred kutoka kiti cha pembeni. "Leo barabara iko kama sabuni."

"Naona, mzee."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku hiyo, na saa tatu asubuhi ilikuwa bado haijagonga.

Ghulamabbas alikuwa na miaka sabini na moja. Alizaliwa Tanga, akasoma madrasa kidogo na shule kidogo, akaacha vyote akiwa na miaka kumi na tatu, na tangu hapo hakukaa mji mmoja akazeeka nao. Bujumbura alikaa, Maputo alikaa, Maskati alikaa, mpaka akateremkia Toronto, ghorofa ya kumi na mbili, Thorncliffe Park, na huko mkewe akafariki. Katika kuzunguka kwake kote kilichobaki ni hili gari la rangi ya majivu. Na binti yake Sabreen alikuwa ameshasema, tena mbele ya mumewe: "Baba, siku nikisikia umegonga hata pipa la taka, nachukua ufunguo na unahamia kwetu Pickering." Kwetu Pickering maana yake chumba cha chini ya nyumba, dirisha usawa wa nyasi. Ghulamabbas alikiona chumba kile mara moja tu, akarudi nyumbani kama mtu aliyeonyeshwa kaburi lake na kuulizwa kama linamtosha. Kwa hiyo macho yalipoanza kuingia ukungu, kiangazi kilichopita, hakwenda kwa daktari. Daktari wa macho wa huku akijua huoni, kalamu yake inaiandikia serikali moja kwa moja.

Mzee Manfred alikuwa na themanini na tatu. Alikuwa Myahudi aliyekimbizwa na wazazi wake kutoka Ujerumani akiwa mdogo, akakulia Nakuru, ambako baba yake alinunua ngozi za ng'ombe. Kiswahili chake kilibaki kilekile cha wazungu wa mashamba, hakikuongezeka wala kupungua. Ghulamabbas alimsikia kwa mara ya kwanza akitukana kwa Kiswahili kwenye foleni ya duka la dawa, akageuka, wakacheka, na tangu siku hiyo kila Ijumaa walikuwa wote.

Kazi yao ilikuwa waya. Siku ya Sabato, kuanzia Ijumaa jua likizama, Wayahudi washika dini hawabebi kitu nje ya nyumba: si ufunguo, si kitabu, wala mtoto mchanga. Lakini mtaa ukizungushiwa mpaka, basi mtaa mzima ni kama ua mmoja, na ndani ya ua mtu anabeba. Mpaka wenyewe ni waya mwembamba uliopitishwa juu ya nguzo, kilomita baada ya kilomita. Ukikatika mahali pamoja, umekatika wote. Ndiyo maana sinagogi moja dogo lilimpa Mzee Manfred kazi ya kuuzungukia kila Ijumaa na kumpigia rabi simu kabla ya adhuhuri, aseme uko sawa au umekatika. Rabi naye aliwatangazia watu.

"Pale iko?" aliuliza Mzee Manfred.

"Upo, mzee."

"Na pale, kwa kona?"

"Upo."

Ghulamabbas alitazama juu. Aliona kijivu. Mbingu ilikuwa ya kijivu, nguzo za kijivu, na kama kulikuwa na waya kati yake, basi na wenyewe ulikuwa wa kijivu. Kwa wiki tatu, tangu dhoruba, hakuuona hata mara moja. Kila Ijumaa alisema upo, na kila Jumamosi alikaa dirishani kwake akiwaza watu wangapi wamebeba nini kwa neno lake.

"Hii wiki fungu letu ni ile ya bahari," alisema Mzee Manfred. Wayahudi husoma Torati kipande kwa kipande, kila wiki fungu lake, na mzee hakumwacha Ghulamabbas ashuke garini bila kumsimulia. "Farao iko nyuma, bahari iko mbele. Watu naogopa sana. Nauliza Musa: Misri hapana makaburi, wewe naleta sisi kufa huku?"

"Na sisi kisa hicho tunacho. Musa akawaambia, hapana, Mola wangu yu pamoja nami."

"Ndiyo. Lakini Mungu naambia Musa: kwa nini nalia kwa mimi? Ambia watu, twende!"

"Waliambiwa waende kwa miguu, mzee. Hakuna aliyepewa usukani."

Mzee Manfred akacheka mpaka akakohoa. "Halafu mbele kidogo, mana. Siku ya sita okota mara mbili, siku ya saba mtu hapana toka mahali yake. Hapo ndipo hii kazi yetu natoka. Fungu moja, Bwana Abbas. Mwanzo nasema twende, mwisho nasema kaa."

"Sasa mtu atajuaje leo ni lipi?"

Mzee hakupata nafasi ya kujibu. Kitu chekundu kilitokea mbele ya boneti, kikubwa, karibu mno. Ghulamabbas alikanyaga breki. Gari halikusimama. Liliteleza kimyakimya, ubavu ubavu, hata tairi hazikulia, na katika kimya kile Ghulamabbas alijiona amekaa kwenye chumba cha Pickering. Kisha likasimama.

Chekundu kilikuwa koti la mwanamke. Mbele yake alikuwa na kigari cha mtoto. Kati ya kigari na boneti hapakutosha mtu kupita.

Mwanamke alikuja dirishani, midomo imemkauka. Ghulamabbas alingoja matusi. Lakini mwanamke aliona nani amekaa pembeni, akashika kifua. "Mzee Manfred! Mungu wangu, barafu hii! Ningekufa." Akavuta pumzi. "Niambie, waya umesimama? Sabato sita niko ndani na huyu mtoto. Kesho ndiyo mara ya kwanza nampeleka sinagogi. Rabi akisema sawa, natoka naye."

"Tunakagua," alisema Mzee Manfred kwa Kiingereza. "Sikiliza tangazo."

"Nikisikia ni wewe umekagua, sina wasiwasi," alisema mwanamke, akasukuma kigari chake akaenda.

Ghulamabbas aliegesha. Alizima injini.

"Mzee, kigari kile sikukiona."

"Barafu."

"Si barafu. Sikukiona. Na waya sikuuona. Wala pale kwenye kona, wala pale kwenye shule. Wiki tatu sasa nakwambia upo na sijui kama upo."

Mvua ilikwaruza paa la gari. "Wewe naambia mimi sasa?" alisema Mzee Manfred.

"Na wewe je? Unaangalia dirisha la upande usio na nguzo, mzee. Tangu mwaka juzi."

"Wewe najua?"

"Najua."

"Na hapana sema?"

"Ningesema, kazi ingekwisha. Ijumaa ningekwenda wapi?"

"Basi nani naona hii waya?" aliuliza Mzee Manfred, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyepotea. "Mama naleta mtoto, wazee naleta vitabu, wote nasema Manfred iko, Manfred nakagua. Na Manfred hapana ona. Mimi naogopa, Bwana Abbas. Mimi naogopa sana."

Pale walipoegesha palikuwa ukingoni mwa bonde, mahali ambapo waya ulishuka na nguzo kupita katikati ya miti. Ndipo palipokuwa pabaya zaidi, matawi yote yalikuwa yamevunjika. Mzee Manfred alifungua mlango. Alisema wakisimama chini kabisa ya waya na kuangalia juu, labda watauona. Ghulamabbas akatoka naye, kwa sababu huwezi kumwacha mtu wa miaka themanini na tatu peke yake kwenye barafu. Walishikana mikono, wakashuka hatua kwa hatua, wakipapasa nguzo moja, ya pili, ya tatu.

Kati ya nguzo ya tatu na ya nne mguu wa kulia wa Ghulamabbas ulinaswa.

Kilikuwa kitu chembamba, kilichovutika juu kidogo ya kiatu. Alipousogeza mguu, juu kwenye matawi kitu nacho kilisogea, na barafu ikaanguka kama vioo. Aliuachia mkono wa mzee kwa nguvu.

"Usije! Kuna waya."

"Yetu?"

"Sijui. Huenda wetu. Huenda wa umeme."

Wote wawili walikuwa wamesikia redio mwezi mzima. Waya ulioanguka usiusogelee. Usiuguse, usimguse aliyeugusa. Ghulamabbas alitazama chini na kuona weupe, na kwenye weupe ule hakuona chochote. Jasho lilimtoka mgongoni katika baridi ile.

"Rudi nyuma, mzee. Ukinishika tunakufa wote."

"Mimi narudi wapi? Mimi hapana ona nyuma."

Kiganja cha Ghulamabbas kilishagusa simu iliyokuwa mfukoni. Namba ya Sabreen ndiyo pekee aliyoweza kuipiga bila kuangalia, unabonyeza mbili na kushikilia. Lakini kumpigia Sabreen ni kumpa ufunguo. Na kama waya ni wao? Avute mguu tu, apande gari, adhuhuri mzee aseme uko sawa, maisha yaendelee. Alikunja goti. Alianza kuvuta, taratibu. Juu mti ukalia.

Hapo alihisi vidole kwenye mgongo wa koti lake. Mzee Manfred alikuwa amemshika.

"Niache!"

"Hapana."

"Mzee, nimekwambia—"

"Sikia. Mwanzo ya fungu, watu naogopa Farao. Bahari kwisha, watu naogopa Mungu. Ogopa ni ile ile moja. Nageuza uso tu."

"Mimi sasa hivi naogopa umeme, mzee!"

"Mimi pia," alisema Mzee Manfred, na hakuachia koti.

Ghulamabbas akarudisha mguu palepale ulipokuwa. Maisha yake angeweza kuyachezea, lakini ya mtu aliyemshika koti asingeweza. Akatoa simu, akabonyeza mbili, akashikilia.

"Sabreen, mwanangu. Mimi sioni."

Sabreen alijibu kwa Kiingereza, kama siku zote akiwa kazini. Huoni nini, baba?

"Sioni. Macho. Tangu kiangazi naendesha sioni. Leo nusura niue mama na mtoto. Sasa nimekanyaga waya bondeni, mzee wa watu amenishika, na sijui waya ni wa nini."

Kisha Sabreen akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha mama yake cha Tanga, ambacho Ghulamabbas hakukisikia mdomoni mwake tangu siku ya mazishi: "Usisogee, baba. Usisogee hata kidogo. Nieleze ulipo."

Hilo aliliweza. Alimtajia barabara, daraja na nguzo ya ngapi kutoka darajani. Nguzo zote alikuwa nazo kichwani. Sabreen akapiga zimamoto kwa simu ya mezani, na hii nyingine hakuikata, akawa anarudia neno lilelile, usisogee baba, usisogee. Wazee wawili walisimama. Mmoja aliomba kwa Kiebrania, mwingine kwa Kiarabu, kila mmoja kimoyomoyo ili asimchanganye mwenzake.

Zimamoto walifika. Kijana mmoja alimulika tochi, akaangalia, akainama akaushika ule waya kwa mkono. Ulikuwa kamba nyembamba ya plastiki. Akauliza ni wa kazi gani.

"Ni ukuta wa ua wetu," alisema Mzee Manfred kwa Kiingereza. Kijana akageuka huku na huku akitafuta ukuta.

Adhuhuri ilikuwa bado dakika ishirini. Mzee Manfred aliomba simu ya Ghulamabbas na kumpigia rabi. Alisema waya umekatika. Alisema na yeye haoni, miaka miwili sasa, na hata dereva wake haoni, na Sabato tatu zilizopita hajui zilikuwaje.

Sabato hiyo tangazo lilisema mpaka umekatika, na watu hawakubeba kitu. Mwanamke wa koti jekundu alibaki ndani na mtoto wake Sabato moja zaidi. Waya ulifungwa upya Jumatatu. Ulianguka lini, hakuna aliyejua. Rabi alisema asiyejua hana kosa. Alipoulizwa aliyejua kwamba haoni je, alisema hilo ni la mtu na Mungu wake. Sabreen alikuja Ijumaa ileile jioni kuchukua ufunguo, na gari liliuzwa kwa familia moja ya Etobicoke. Ghulamabbas alipasuliwa jicho moja mwezi wa tano na la pili mwezi wa tisa. Yote mawili yanaona, lakini leseni hakuiomba tena. Anakaa Pickering, chumba cha chini, na kila asubuhi hupanda basi mpaka mwisho wa njia na kurudi. Mzee Manfred alifariki miaka miwili baadaye na kuzikwa kesho yake. Kazi ya waya ilipewa vijana wawili wenye macho mazuri.