Taa Zilizomwinamia Shangazi

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, Meya alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi yake ya ghorofa ya pili, kikombe cha chai mkononi, huku katibu muhtasi wake akiusugua mkufu wa umeya kwa dawa ya meno. Chini, kwenye barabara kuu, mwanamke wa makamo aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa alikuwa akifagia. Alipofika kwenye nguzo ya taa iliyo mbele ya posta, nguzo iliinama. Ilipinda taratibu kuanzia katikati, taa ikashuka hadi usawa wa bega lake, ikakaa hivyo kwa muda wa kusema shikamoo, kisha ikanyooka. Mwanamke aliitikia kwa kichwa, akasukuma takataka zake mbele, akaiendea nguzo ya pili. Nayo ikainama.

Meya akapiga funda la chai.

"Bolti zimelegea," alisema.

Katibu muhtasi hakuinua macho. "Nimwite mhandisi?"

"Mwite."

Mhandisi wa jiji alikuja na jalada kwapani. Alisema bolti zimekaza, amezikagua mwenyewe Ijumaa.

"Zinamsalimu tu, Mstahiki."

"Zinamsalimu nani?"

"Shangazi, yule mfagiaji. Barabara nzima inamwita hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi. Watu wameshazoea. Ni lori moja tu la mikate lililovunjwa kioo, na dereva amekiri alikuwa mwendo kasi."

Meya aliweka kikombe mezani. "Na mimi je?"

Mhandisi alifikiri kidogo. "Wewe, Mstahiki, sijawahi kukuona ukipita pale kwa miguu."

Nguzo zile arobaini na mbili zilikuwa kama watoto wa Meya. Alizipigania barazani miaka mitatu, akatukanwa, akanyamaza, akarudi tena mpaka wapinzani wakachoka. Kabla yake barabara kuu ilikuwa giza, na maduka yalifungwa jua likizama. Kila nguzo ilikuwa na kibao kidogo cha shaba, usawa wa kifua, chenye jina lake na tarehe. Hakuwa mtu mbaya. Alikumbuka majina ya watoto wa watu. Alikuwa amepanda miti, ameomba magari ya wagonjwa kwa wafadhili, na kila mwaka, Siku ya Wema, aligawa mablanketi kwa wasiojiweza kwa mikono yake miwili. Mara mbili mfululizo jiji lilikuwa limetwaa Kombe la Usafi, na kombe hilo alilifuta vumbi mwenyewe kwa leso yake. Alichotaka kwa yote hayo ni kutazamwa vizuri. Sasa vyuma alivyoviombea kwa mdomo wake mwenyewe vilikuwa vinampindia mgongo mtu mwingine.

Kesho yake aliacha gari kwenye mzunguko, akavaa mkufu, akatembea barabara nzima. Nguzo ya kwanza ilisimama wima. Akakohoa. Ya pili, wima. Kwenye ya tisa alisimama, akagusa kibao cha shaba kwa kidole.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ya chini.

Njiwa aliyekuwa juu ya taa alibadilisha mguu. Kufika ya arobaini na mbili, shati la Meya lilikuwa limelowa mgongoni. Mwenye duka la dawa, aliyekuwa akifungua milango, alimwambia kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia, "Nadhani zinataka mtu mwenye fagio, Mstahiki."

Nyumbani hakula. Mkewe alimtazama akiuchokoachokoa wali kwa kijiko.

"Baba watoto, unamwonea wivu mfagiaji."

"Simwonei wivu. Nauliza utaratibu."

"Utaratibu gani huo unaokunyima chakula?"

Meya alisema taa zina itifaki yake, kama bendera, na haiwezekani kila kitu cha umma kijiamulie. Mkewe akasema sawa, akaivuta sahani ya mumewe na kuimalizia, maana wali ulikuwa mtamu.

Jumatano aliagiza jalada la Shangazi. Afisa utumishi alirudi mikono mitupu.

"Hana jalada, Mstahiki. Huyu si mwajiriwa. Ni kibarua wa miezi mitatu mitatu."

"Ameanza lini?"

"Miaka kumi na tisa iliyopita."

Afisa akaeleza bila haraka. Kila miezi mitatu ikiisha Shangazi huja na kitambulisho, huweka dole gumba kwenye karatasi, huongezewa miezi mingine mitatu. Hana likizo, hana matibabu, hana kiinua mgongo. Fomu ya kumwajiri ilijazwa zamani, chini ya Meya aliyepita, na haikukosa kitu ila sahihi ya Meya ili iende kwenye kamati. Alikuwa ameileta. Aliiweka juu ya meza na kuigeuza imwelekee bosi wake.

Meya alishika kalamu, akaifungua. Sahihi yake ilikuwa nzuri, yenye mkia mrefu unaorudi nyuma na kupiga mstari chini ya jina, na kwa kawaida hakuwa mchoyo nayo. Lakini nikisaini leo, aliwaza, watasema nguzo ndizo zilizonifundisha kazi. Akafunga kalamu, akafungua droo ya chini, akaitia fomu humo.

"Tutaliangalia," alisema.

Alimkuta Shangazi mchana, ameketi ukingoni mwa barabara akinywa uji kwenye kifuniko cha chupa ya chai, mguu mmoja umenyooshwa. Alitaka kuinuka, Meya akamzuia kwa mkono.

"Unazifanyia nini zile nguzo?"

"Nazifagia miguuni, baba. Watu wanatupa maganda pale."

"Na kwa nini zinakuinamia?"

"Hata sijui. Siku ya kwanza nilidhani inaniangukia, nikaruka. Sasa ni shingo tu inayoniuma kwa kuitikia. Ziko arobaini na mbili, na huwezi kuitikia nyingine ukaiacha nyingine."

"Lakini unajisikiaje?" Meya alijikuta amemsogelea. "Zinapoinama. Ndani ya moyo, unajisikiaje?"

Shangazi alifikiri kwa uaminifu. "Nachelewa kumaliza." Akalisugua goti lake. "Mstahiki, samahani, maadamu umekuja. Hili goti limekwisha. Nikilala siku moja nyumbani, siku hiyo silipwi, na wiki ijayo nakuta fagio limepewa mtu. Nilisikia kuna fomu yangu."

"Inashughulikiwa," alisema Meya.

Wiki hiyo ofisi ilitangaza Jumamosi ya Usafi, na wapiga picha wakaalikwa. Meya alivua koti, akamkabidhi aliyekuwa karibu, akashika fagio, akaanza na nguzo ya posta. Alifagia vizuri, kwa kuwa alilelewa na bibi asiyependa uvivu. Nguzo ikainama. Moyo wake uliruka. Ikainama ya pili, na ya tatu, na umati ukapiga makofi. Kwenye ya nne aligeuka ili afurahi na wenzake, akaona kwamba aliyekabidhiwa koti alikuwa Shangazi, anayemfuata nyuma hatua mbili, akiitikia kwa kichwa kila mara. Nguzo zilikuwa zinampita Meya juu ya kichwa.

Alizifagia zote thelathini na nane zilizobaki akiwa amekunja uso. Jumapili gazeti lilichapisha picha ukurasa wa mbele: Meya na fagio lake, nguzo imeinama juu yake, na maandishi makubwa, HATA TAA ZAMHESHIMU. Pembeni kabisa kilionekana kiwiko cha mwanamke kilichobeba koti. Meya aliagiza picha ile ikuzwe na kutundikwa ukumbini. Fundi alipouliza kipimo cha fremu, Meya aliweka kidole kwenye picha.

"Mwisho uwe hapa," alisema. Kiwiko kikabaki nje.

Kwa siku moja alikula vizuri.

Siku ya Wema ilipofika, jina la Shangazi lilikuwamo kwenye orodha ya wasiojiweza. Meya alikuwa ameliandika kwa mkono wake. Angepewa blanketi na cheti, angepiga picha, na deni lolote ambalo mtu angeweza kudhani jiji linadaiwa lingekuwa limezimwa mbele ya watu. Ukumbi ulijaa. Shangazi alipanda jukwaani akichechemea, amevaa gauni alilolipiga pasi, akasimama mbele ya Meya na kunyoosha mikono.

Hapo ndipo mkufu ulipoinama. Ulianza kuwa mzito kidogo kidogo, ukamvuta Meya shingo, ukamvuta mabega. Alijikaza. Mkufu ukazidi, mpaka kiuno kikakunjika na paji la uso wake likatua kwenye viganja vya Shangazi. Ukamweka hapo. Kutoka pale chini aliona viatu vya Shangazi: cha kulia kilikuwa kimelika upande mmoja, upande wa goti bovu, hadi kidole kilikuwa kinagusa sakafu.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walisimama. Mzee mmoja alifuta machozi. Hawajawahi, walisema, kuona kiongozi mnyenyekevu namna hii.

"Fomu, Mstahiki," Shangazi alinong'ona juu ya kisogo chake.

Meya alikuwa amesikia makofi. Yalikuwa marefu kuliko yote aliyopata kupigiwa maishani, na alipoyasikiliza vizuri hakuweza kujua ni ya nani.

"Inashughulikiwa," alisema ndani ya viganja.

Mkufu ukamwachia. Akampa blanketi.

Jumatatu yake alimhamisha Shangazi kwenda barabara ya machinjioni, ambako hakuna nguzo hata moja. Barua ilisema ni kwa ajili ya kusambaza uzoefu. Mhandisi alikuja mwisho wa wiki kuripoti kwamba nguzo zote arobaini na mbili zimepinda kuelekea machinjioni na hazirudi. Taa bado zinawaka, isipokuwa sasa zinamulika pembeni, na ukitoka ofisini kwenda posta unaziona migongo tu.

"Zinyooshwe."

"Tumejaribu kwa kreni. Zinanyooka, tukiondoka zinarudi. Nashauri tuweke alama, watu warefu waangalie vichwa vyao."

Alama ziliwekwa. Majaji wa Kombe la Usafi walipokuja waliuliza kuhusu umbo la nguzo, Meya akawaambia ni ubunifu wa hapa hapa, na wakaandika. Jiji likatwaa kombe kwa mara ya tatu. Uchaguzi ulipofika, Meya alishinda kwa kura nyingi, na katika hotuba yake aliwashukuru watu wa usafi wote kwa ujumla wao.

Asubuhi moja ya manyunyu alikwenda machinjioni kuzindua choo cha umma. Ilibidi gari lisimame njiani. Shangazi alikuwa akifagia, polepole kuliko zamani, na mbele yake kuta za machinjio zilikuwa zinainama moja baada ya nyingine, kisha tangi la maji, kisha vibanda vya wauza matumbo, na mabati yake yakilia. Barabara haikupitika. Dereva alizima injini.

"Yule si ndiye Shangazi?" aliuliza. "Wamemwajiri?"

"Ameongezewa miezi mitatu," alisema Meya.

"Si haba."

Walingoja. Shangazi alipita ubavuni mwa gari akiburuta mguu, akaitikia kibanda cha mwisho, akageukia kona. Meya, aliyekuwa akitazama saa yake, aliinua macho na kuona kwamba dereva amevua kofia na kuishika kifuani.

"Umevua kofia kwa nini?"

Dereva aliirudisha kichwani, akawasha injini, kisha vipangusio vya kioo cha mbele.

"Joto, Mstahiki," alisema.

Meya alimtazama kisogoni safari yote iliyobaki.