Ploti ya Nyatichi

Ramani ya kanisa jipya ilitandazwa juu ya meza ya mbele, pembe zake zimekandamizwa kwa vitabu vya nyimbo, nasi watu saba wa kamati tukaizunguka kama jamaa waliokuja kumtazama mtoto mchanga. Viti mia sita. Madarasa ya chekechea upande wa barabara. Nyuma, zahanati ndogo yenye vyumba viwili. Mzee Bichage, mwenyekiti wetu, alipitisha kidole chake juu ya kila ukuta, taratibu, mpaka kidole kikatoka nje ya karatasi na kugusa mbao.

"Hii ni kanisa ya watoto wa watoto wetu," alisema. "Sasa kazi ya nje. Visiwani tunaandika nini?"

Kalamu ilisimama mkononi mwangu.

Ilikuwa mwaka wa 1996, mjini Migori. Kanisa letu la mabati lilikuwa nyuma ya soko, ukuta kwa ukuta na duka la vitambaa la Dahir, na kila Jumamosi, siku yetu ya Sabato, waliokosa nafasi ndani waliimba wamesimama kwenye veranda yake. Wengi wetu tulikuwa Wakisii tulioletwa mjini na biashara. Mimi nilishona nguo. Kwenye kamati nilikuwa karani, kwa sababu ya mwandiko wangu.

Mwandiko huohuo ndio ulioandika barua ya kumfuta dada yangu ushirika.

Nyatichi alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mwaka wa 1989 alifuatana na mchuuzi wa samaki wa kisiwa cha Mfangano, mtu mwenye mke tayari, na kabla mwezi haujaisha baraza la kanisa likaamua. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilipopewa karatasi na kuambiwa niandike, nilijiona mtu mzima, na nikaandika vizuri, mistari imenyooka. Barua ikasomwa mbele ya washiriki wote. Mama, ambaye jina lake ni Nyanchama, aliketi benchi la tatu. Hakugeuza shingo. Jioni ile alipika kama kawaida, na tangu hapo jina la Nyatichi halikutamkwa nyumbani.

Lakini Mama aliuza ndizi sokoni, na wanawake wa ziwani walileta omena huko. Nilimwona mara nyingi akiacha meza yake na kuwaendea. "Hizi zimetoka Mfangano?" Wakisema ndiyo, alinunua, hata zikiwa zimevunda. Mama hakuwahi kula omena maisha yake yote. Nyumba yetu ilinuka samaki ambao hakuna aliyewagusa, kwa miaka saba.

Baada ya kikao kile cha ramani, mwezi wa tatu, kamati ilinituma mimi na Mzee Bichage tuvuke ng'ambo. Mvuvi mmoja alikuwa ameleta habari kwamba kuna watu thelathini huko wanaokusanyika kila Jumamosi, hawana mchungaji, na mtu fulani yuko tayari kuwapa ploti. Tulipita Homa Bay, tukalala Mbita kwa waumini, na asubuhi tukapanda boti. Gugumaji lilikuwa limetanda ziwani kama shamba, na mara mbili mwenye boti alizima injini akalitoa kwa mikono. Mzee alishika Biblia kifuani. Mimi nilitazama kisiwa kikikua, nikawa naomba vitu viwili kwa wakati mmoja: nimwone, na nisimwone.

Waumini walitungoja chini ya paa la nyasi lililoegemea nyumba ya udongo. Watoto waliimba wimbo wetu wa zamani wa kwaya, kwa Kijaluo, na zile sauti za chini ziliingia mahali hasa zilipokuwa zikiingia kwetu Migori. Nilijua kabla sijaona.

"Nani amewafundisha hawa?" Mzee Bichage aliuliza.

Mama mmoja mwenye mvi, Monicah, alisimama. "Ni huyu. Nyieka, mke mwenzangu. Mzee wetu alipokufa, watu walidhani tutafukuzana. Yeye akaniambia Jumamosi tuombe pamoja." Akaonyesha mlangoni.

Nyatichi alikuwa anafuta mikono kwa leso. Amekonda, mashavu yameungua jua la kuanikia samaki. Alimsalimia Mzee kwanza, kwa heshima, kwa mikono miwili. Kisha akanitazama.

"Dorah. Umenenepa."

Nilitaka kucheka, nikalia.

Ploti ilikuwa ni fungu la ardhi aliloachiwa na mumewe, kutoka kwenye miamba hadi njia ya kwenda bandarini. Mzee aliipima kwa hatua zake. Aliporudi, alikohoa.

"Binti yangu, jambo hili ni zuri. Ila utaratibu upo. Njoo Migori, usimame mbele ya washiriki, uombe radhi. Halafu yote yataandikwa sawasawa."

"Ploti chukueni, Mzee. Hata kesho," alisema Nyatichi. "Mbele ya Mungu nimeshaomba radhi. Lakini kusimama Migori siwezi. Nilisomwa pale Mama akiwa ameketi."

Tulipobaki wawili nyuma ya nyumba, nilianza: "Ile barua—"

"Najua. Ililetwa huku na mtu asiyejua kusoma. Mimi nilitambua mwandiko kabla ya maneno."

"Utanisamehe?"

Alinisogezea sahani ya kuon na samaki. Kuon ndivyo wanavyouita ugali huko. "Kula kwanza, utachelewa boti." Nilikuwa nikimeza wakati aliposema tena, bila kuniangalia: "Migori sina hamu nayo, Dorah. Nina hamu na Mama."

Kwenye boti, Mzee Bichage aliniinamia. "Kwenye ripoti, si uandike tu 'mshiriki mmoja wa kisiwani'?"

"Si mshiriki, Mzee. Tulimfuta."

Aliipangusa Biblia matone ya maji. "Basi andika 'mwenyeji'."

Mkutano wa washiriki ulifanyika Jumapili iliyofuata, kanisa limejaa mpaka kwa Dahir. Nilisoma habari za viti, za zahanati, za chekechea, na watu wakasema amina kila mahali. Kisha nikasoma: "Ploti ya Mfangano imetolewa na Nyatichi, binti wa Nyanchama, tuliyemfuta ushirika mwaka wa 1989. Barua niliiandika mimi. Kanisa lililoko huko amelianzisha yeye."

Hakuna aliyesema amina. Mzee Bichage aliinamisha kichwa. Nikasikia benchi likilia, na Mama alikuwa amesimama, mkoba wake mkononi, macho yakiniangalia mimi peke yangu.

"Dorah," alisema, "boti inatoka Mbita saa ngapi?"

Aliondoka kesho yake na nguo za Sabato mbili. Mkutano ulikuwa umeipokea ploti. Suala la ushirika likaachwa kwanza, na mwaka uliofuata mchungaji akamaliza mambo kwa kumbatiza Nyatichi upya ziwani, pale mbele ya nyumba yake. Mzee Bichage mwenyewe alipeleka mabati na misumari, akashinda huko siku nne akipigilia. Mama hakurudi. Alituma salamu kwamba migomba imeshika vizuri, na kwamba Monicah anamfundisha Kijaluo. Nilikwenda kila nilipoweza, mara mbili kwa mwaka, na kila mara nilikuta maneno kati yao ambayo mimi sikuwa na sehemu ndani yake, na kicheko ambacho chanzo chake kilikuwa siku nisiyokuwepo.

Kanisa la viti mia sita lilifunguliwa Desemba 1999. Lilinuka rangi mbichi na varnishi. Nilifika mapema, nikaketi mwisho wa benchi la tatu, na kando yangu nikaacha nafasi ya watu wawili wa Mfangano. Wageni walikuwa wanazidi kuingia. Mhudumu alinijia na kuniuliza kwa upole kama kuna mtu hapo.

Nikasogea.